Tundu la Upande wa Kulia

Laurette hakai. Ukimpa kiti, anakalia ncha. Kanisani huchukua mwisho wa benchi karibu na mlango, na akipigiwa simu nyumbani kwao Oli, mtaa wa mji wa Arua, huuzunguka ua huku akiongea, mpaka kuku wanampisha. Mama yake husema mtoto huyu alijifunza kutembea wakati familia iko njiani, inavuka kutoka Ariwara, Kongo, kuingia Uganda, na miguu yake haijaambiwa hadi leo kwamba walishafika.

Kazi aliyoipata ilimfaa. Anatunza laptopu za kliniki ndogo ndogo za shirika moja la kanisa, zilizotapakaa kuanzia Logiri kule Vurra, kupitia Pajulu, hadi Koboko karibu na mpaka wa Sudan Kusini. Shirika lilimpa pikipiki. Yeye akajinunulia begi la mgongoni, akalijaza waya, bisibisi na kamera moja kuukuu ya kompyuta ambayo haitumii kwa lolote ila kujaribia. Barabara zote hizo anazijua kwa mashimo yake.

Mwaka jana flashi moja yenye filamu iliingiza virusi katika laptopu ya kliniki mojawapo, na picha zote za wagonjwa zikaharibika. Mkuu wao, Mzee Santo, hakumgombeza mtu. Alimwita Laurette ofisini Arua akamwambia, "Binti, fanya jambo. Isirudie."

Laurette akaweka kufuli. Si la chuma. Ni amri ndani ya mashine. Amri yenyewe ilikuwa fupi: vifaa vilivyozaliwa ndani ya laptopu vikubaliwe, kitu chochote kinachochomekwa kutoka nje kikataliwe, isipokuwa kile ambacho Laurette mwenyewe amekiandikia ruhusa.

Lakini kompyuta inajuaje kipi ni chake na kipi kimetoka nje? Hapo ndipo kisa hiki kinapoanzia. Kamera iliyo juu ya skrini, kisoma vidole, hata bluetooth, mara nyingi vimeunganishwa kwa njia ileile ya USB ambayo flashi inaitumia. Kwa upande wa mashine, yote hayo ni matundu tu. Mengine yametokeza nje, mkono unayafikia. Mengine yamefungwa kwa waya ndani ya sanduku na hakuna atakayeyagusa bila bisibisi. Mashine haiwezi kujitazama. Inaambiwa. Kuna programu ya kiwandani inayoamka kwanza unapobonyeza kitufe cha kuwasha, ambayo mafundi wa Arua huiita bayosi, na hiyo ndiyo hubeba maelezo ya kila tundu: hili ni la ndani, limefungwa moja kwa moja, hili ni la nje, mtu anaweza kuchomeka na kuchomoa. Mfumo mkuu ukiamka unayasoma maelezo hayo na kuyaamini.

Laurette naye aliyaamini.

Siku alipokwenda Koboko kuweka kufuli, alijua kuna kifaa kimoja kitakachohitaji ruhusa yake: kichwa cha ultrasaundi, kile ambacho mkunga hukipaka jeli na kukipitisha juu ya tumbo la mama mjamzito, na picha ya mtoto ikaonekana kwenye laptopu. Mkunga wa pale ni Sista Shamim, mama wa makamo, mtu wa Koboko kwa kuzaliwa, mwenye mikono mipana na sauti isiyopanda. Laurette alimaliza kuweka kufuli, na kabla hajaandika ruhusa, Shamim akachomeka kifaa chake upande wa kulia. Picha ikaja papo hapo.

"Iko nafanya," Shamim akasema.

Laurette akashangaa kidogo. Halafu akajiambia kwamba bila shaka ruhusa ile alikuwa ameshaiandika ofisini Arua akasahau. Simu yake ilikuwa inalia. Logiri printa imekwama. Akavaa helmeti akaondoka.

Miezi ikapita. Ile laptopu ya Koboko ikavunjika bawaba ya skrini, ikaletwa Arua. Laurette aliitengeneza, akaisafisha vumbi, na kwa kuwa mikono yake haijui kuacha kitu kilipo, akatazama kama kiwanda kimetoa bayosi mpya. Kilikuwa kimetoa. Maelezo yalisema tu kwamba makosa madogo yamerekebishwa. Akaisasisha, akaona inawaka vizuri, akaifunga kwenye mfuko na kuipakia kwenye gari la shirika. Kichwa cha ultrasaundi kilikuwa kimebaki Koboko, kwa hiyo hakukuwa na cha kujaribia.

Asubuhi moja simu ikalia akiwa anakunywa chai kwa kusimama, mlangoni kwao.

"Laurette, mashine iko nakataa," alisema Sista Shamim.

"Iko nakataa namna gani, Sista?"

"Naweka waya, skrini iko kimya. Hakuna picha. Na mimi niko na mutu hapa."

Huyo mtu aliitwa Ayikoru. Alikuwa na mimba ya mwezi wa nane, ya mtoto wake wa tatu, na siku iliyotangulia aliona damu kidogo bila maumivu, ikakoma. Shamim aliposikia hivyo alimlaza kitandani mara moja, akamkataza kuinuka, na akaita gari la wagonjwa, kwa sababu alishuku kondo la nyuma limekaa chini, juu ya njia ya mtoto. Mama wa namna hiyo hafai kuzalia kliniki ndogo. Anafaa kuwa Arua, karibu na chumba cha upasuaji.

Tatizo ni kwamba Ayikoru alikataa. Wawili wa kwanza aliwazaa salama bila kisu. Mama mkwe wake alikuwa amemwambia damu kama hiyo ni kawaida ya mimba ya tatu. Watoto wake walikuwa wamebaki na jirani, muhogo wake umeanikwa juani, na sasa anaambiwa apande gari aende kupasuliwa kwa sababu ya kitu ambacho hakuna aliyekiona.

"Anasema nimuonyeshe kwanza," Shamim akaeleza. "Akiona, atakwenda. Asipoona, ataamka aende kwake. Siwezi kumfunga kamba."

"Umechomeka wapi?"

"Kulia. Kama siku zote."

"Jaribu kushoto."

Shamim akamaka. "Kushoto? Kushoto imekataa tangu zamani. Tangu ile siku uliweka kufuli."

Laurette akaacha kuzunguka. Ni jambo la nadra, na mama yake aliyekuwa akichambua mchicha aliinua kichwa kumtazama.

"Tangu siku ile? Na kulia ikawa inakubali?"

"Kulia iko nakubali kila kitu. Mimi nilifikiri ndivyo ulitaka."

"Niko nakuja, Sista. Usimuache aamke."

Kikombe alikiacha juu ya ukuta.

Kutoka Arua kwenda Koboko barabara ni lami, na pikipiki nzima haichoki. Kilichochoka ni kichwa cha Laurette. Alipopita Manibe alikuwa na hakika tundu la kulia limekufa, na kwamba yeye ndiye aliyeliua alipofungua laptopu kutengeneza bawaba. Labda alibana waya. Alipofika Maracha hakika hiyo ikamponyoka. Kama ruhusa iliandikwa, kifaa kingekubaliwa matundu yote. Kama haikuandikwa, kingekataliwa matundu yote. Ruhusa gani hii inayokubali kulia na kukataa kushoto? Malori ya kwenda Sudan Kusini yalimpita yakimrushia upepo, naye akawa anajibu maswali yake kwa sauti ndani ya helmeti. Mara mbili alisimama kando ya barabara ampigie Shamim, na mara zote mbili akaondoka kabla simu haijapokelewa, maana kusimama kulimuuma kuliko kutojua.

Alipofika, Ayikoru alikuwa amelala ubavu, kitenge kimemfunika hadi kifuani, macho yake makavu na makali.

"Ni huyu fundi?" akauliza.

"Ni huyu," Shamim akasema.

"Basi afanye haraka. Mimi watoto wangu wako kwa jirani."

Laurette alimsalimu, akafungua laptopu mezani na kutoa kamera yake kuukuu kutoka begini. Akaichomeka kulia. Taa yake ndogo ya kijani ikawaka, maana yake umeme unapita na tundu halijafa. Lakini mashine haikuitambua. Akatazama kumbukumbu za mfumo, na kule ndani palikuwa pameandikwa waziwazi: kifaa kimekataliwa. Kufuli lake mwenyewe ndilo lililokikataa.

Akasimama. Akaenda dirishani akarudi. Akaenda tena.

"Wewe," Ayikoru akamwambia kutoka kitandani, "ukitembea-tembea hivyo mimi nasikia kama mtoto anataka kutoka."

Shamim akacheka chini chini. Laurette akaomba radhi na kukalia ncha ya kiti, goti lake likiruka-ruka chini ya meza. Akatafuta ruhusa aliyoamini aliiandika. Haikuwepo. Haikuwahi kuwepo. Hapo swali liligeuka: la ajabu si kwa nini mashine inakataa leo, ni kwa nini ilikuwa inakubali siku zote hizo.

"Sista, kuna laptopu nyingine hapa kama hii?"

"Ile ya mapokezi. Zililetwa pamoja."

Ile ya mapokezi haikuwa imeguswa tangu ilipowekewa kufuli. Laurette aliiazima, akaziweka mbili ubavu kwa ubavu, na kuiuliza kila moja inavyoambiwa na bayosi yake kuhusu tundu la kulia. Ile aliyoisasisha ilisema: la nje, huchomekwa na kuchomolewa. Ile ya mapokezi, mashine ya aina ileile, kutoka kiwanda kilekile, ilisema: la ndani, limefungwa moja kwa moja.

Akalitazama tundu lenyewe. Lilikuwa pale ubavuni, wazi, limejaa vumbi la Koboko. Akatia kidole.

"Wamedanganya," akasema.

"Nani?"

"Kiwanda. Au mutu wa kiwanda amekosea tu, sijui. Waliandika hii tundu iko ndani ya mashine. Sasa kufuli langu likafikiri kila kitu kinachoingia hapa kimezaliwa humo ndani, kama kamera. Ndiyo maana ultrasaundi ilipita. Na bayosi mpya imesahihisha. Ni mimi nimeiweka."

Shamim alifikiri. "Kwa hiyo ilikuwa nafanya kazi juu ya kosa, na sasa imekataa juu ya ukweli."

"Ndiyo, Sista."

Alipokuwa anasema hivyo, jambo la pili likamfikia, na hilo lilikuwa baya zaidi. Kama tundu la kulia lilipitisha ultrasaundi, lilipitisha na flashi. Yoyote. Katika kliniki zote zenye laptopu za aina hii, kufuli ambalo Mzee Santo alilisifu mbele ya mkutano lilikuwa na mlango wazi upande mmoja, na yeye aliyelijenga hakuwahi kuzunguka akausukuma. Mkono wake ulikuwa umeshashika begi. Aliwaza Logiri, aliwaza Pajulu, alitaka awe amefika kote kabla ya sentensi kuisha.

"Laurette," Shamim akaita. Hakupandisha sauti. "Huyu kwanza."

Laurette akakaa, safari hii kwenye kiti chote.

Kulikuwa na njia rahisi: kuondoa kufuli zima, mwanamke aonyeshwe, mengine baadaye. Alijijua lakini. Akilitoa ataondoka mbio, na baadaye haitafika. Akakichomeka kichwa cha ultrasaundi, akasoma namba yake inayokitambulisha kwa mashine, na kuandika ruhusa ambayo alipaswa kuiandika tangu mwanzo: kifaa hiki, chenye namba hii, kikubaliwe tundu lolote. Vidole vyake vilikosea herufi. Akafuta, akaandika upya, akasoma kwa sauti ya chini neno baada ya neno kama mtoto wa darasa la kwanza. Akachomoa waya, akachomeka kushoto, kule kulikokataa tangu zamani.

Skrini ikawa ya kijivu, halafu ikajaa.

Shamim alikwisha kupaka jeli. Aliongoza kile kichwa chini ya kitovu taratibu, akigeuza laptopu kwa mkono wa pili ili Ayikoru aone.

"Hiki ni kichwa cha mtoto. Unaona moyo, huu unaopepesa? Sasa tazama hapa chini. Hii nyeupe nzito ni kondo. Ilitakiwa ikae juu huku. Imekaa hapa, mlangoni. Mtoto akitaka kutoka, lazima aipasue kwanza, na hiyo ni damu yako wewe."

Ayikoru aliinua kichwa, akakodoa. Alinyoosha kidole akagusa skrini pale peupe, kisha akakirudisha kidole kwenye kitenge akakipangusa.

"Iko mlangoni kweli," akasema.

"Iko mlangoni."

"Mama mkwe hakuona hii."

"Hakuna mutu angeona kwa macho tu."

"Basi leteni gari. Na mtu aende aanue muhogo wangu, mvua inakuja."

Gari lilikuwa limesubiri nje muda wote huo. Shamim hakuwa ameliruhusu kuondoka. Walimbeba kwa machela. Laurette alishika upande wa miguu, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akawa anatembea polepole, kwa sababu machela haitaki haraka. Ayikoru alimwangalia kutoka chini akamwambia, "Wewe ungekuwa mkunga, wanawake wote wangezaa kabla ya siku zao."

Alilazwa Arua, na wiki zake zilipotimia wakampasua. Mtoto wa kike, mzima, na mama mzima. Shamim ndiye aliyemletea Laurette habari, kwa simu, kati ya habari nyingine za printa na betri.

Siku ile ile ya Koboko, Laurette alisasisha laptopu ya mapokezi, kisha akaenda kwa Mzee Santo na kumweleza yote akiwa amesimama. Mzee alisikiliza, akakuna kidevu, akasema basi bayosi zisiguswe tena kamwe, maana zilileta shida.

"Hapana, Mzee. Shida ilikuwepo. Bayosi mpya imetuonyesha tu."

"Na ingemuua mtu wakati inatuonyesha."

Mwisho walikubaliana: zisasishwe, lakini yeye mwenyewe awe pale pale kifaa kilipo, na asiondoke mpaka kila tundu limejaribiwa kwa mkono na kila chombo cha kazi kimeonekana kikifanya kazi. Kumwambia Laurette asiondoke ni adhabu, na nadhani Mzee Santo alilijua hilo.

Akaanza na Logiri. Mwandikishaji wa wagonjwa pale ni Adriko, mwimbaji wa sauti ya nne katika kwaya ya parokia. Laurette alipoingia alikuta muziki wa kwaya unatoka kwenye laptopu, na upande wa kulia wa laptopu flashi nyekundu imechomekwa.

"Adriko! Hii umeweka lini?"

"Flashi? Iko hapo tangu Krismasi."

"Nilisema vitu vya nje vimekatazwa."

"Kushoto vimekatazwa," Adriko akasema bila wasiwasi. "Kulia vinakubaliwa. Sisi tulifikiri umetuachia moja, ya kupumulia."

Laurette alitaka kukasirika, akashindwa. Aliipima ile flashi, akaikuta safi, haina kitu ila nyimbo na picha za ubatizo. Alisasisha bayosi, na kwaya ikakatika katikati ya ubeti. Adriko akatazama mashine kama mtu aliyefungiwa dirisha usoni. Laurette alijaribu tundu la kushoto, la kulia, kamera, kisoma vidole, printa. Alipomaliza, Adriko alimkaribisha maharage. Akala amekaa.

Pajulu ilifuata, na aliiendea kwa moyo mwepesi kidogo kwa sababu laptopu ya pale ni ya aina nyingine, ya zamani zaidi. Nesi wake, Mindra, alimpisha mezani. Laurette alisoma maelezo ya bayosi. Matundu ya kulia na kushoto yote yalisema ukweli: ya nje. Angeweza kuishia hapo. Zamani angeishia hapo. Lakini alikuwa ameahidi mkono, si macho, kwa hiyo akajaribu kitu kimoja kimoja, na alipofika kwenye kamera akakuta juu yake pamebandikwa plasta ya vidonda.

"Kwa nini umeifunika?"

"Ilikufa," Mindra akasema. "Mwaka jana. Tulipokuwa tunaongea na daktari wa Arua kwa video, mimi nilikuwa namuona yeye, yeye hakuniona. Nikaifunika, maana kitu kilichokufa hakifai kukutazama."

Laurette alirudi kwenye maelezo. Kamera ile, iliyofungwa kwa skrubu juu ya skrini, ambayo huwezi kuitoa bila kubomoa kifuniko chote, bayosi ilikuwa imeiandika: ya nje, huchomekwa na kuchomolewa. Kufuli lake lilikuwa limeifukuza mwaka mzima kama mgeni. Safari hii mashine ilikuwa imekosea kinyume, na kiwanda hakikuwa na bayosi mpya ya kusahihisha.

Goti likaanza kuruka. Kliniki ngapi zina mashine hizi za zamani? Kamera ngapi zimebandikwa plasta, watu wamenyamaza tu, wakidhani vitu hufa? Aliandika ruhusa ya kamera, akaisoma mara mbili, akabandua plasta kwa ukucha.

Skrini ikamwonyesha Mindra uso wake mwenyewe, mdomo wazi, kofia ya unesi imekaa upande. Akapiga kelele, halafu akacheka, halafu akaiweka kofia sawa na kuinama karibu zaidi kujitazama.

"Kumbe ilikuwa hai?"

"Ilikuwa hai," Laurette akasema, helmeti tayari mkononi, akiuliza ni njia ipi fupi ya kwenda kliniki inayofuata.